Sauti za Baba Neema

Issa mwanangu,

Mambo ya safari mama yako amekwishakueleza tangu juzi, na leo wakati wa kula nimemsikia akiyarudia: galoni la mawese liwe wima, usisinzie garini, ukifika Bujumbura, pale Buyenzi, umsalimie shangazi yako kabla hujauliza pa kuchajia simu. Mimi sina la kuongeza hapo. Begi lako limepangwa vizuri kuliko begi lolote nililowahi kubeba mimi.

Ninakuandikia kwa ajili ya simu ya Mama Neema. Najua ulichofanya Alhamisi. Nimejua tangu saa ile ile, na leo ni Jumatatu.

Ningekwambia kwa mdomo, lakini wewe na mimi tunajuana. Nikianza neno moja la maana, la pili tunagombania bisibisi, la tatu mama yako anakuja kutuamua. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli. Kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho, hata kama utakasirika, na nadhani utakasirika.

Alhamisi nilikuwa dukani nyuma ya pazia, kule tunakoweka redio zilizokufa, natafuta kifuniko cha bateri. Mama Neema alikuwa amekuja asubuhi. Mtoto wake alikuwa amechezea simu, akaweka namba ya siri mpya na akaisahau. Ulimwuliza kama tunavyowauliza wote kabla ya kugusa chochote: "Mama, iko kitu humu ndani hutaki kipotee?" Akakwambia. Sauti za marehemu mume wake. Zile alizokuwa akimtumia kutoka hospitali Bujumbura, miezi ile mitatu ya mwisho, moja kila jioni. Ukaandika kwenye kipande cha tepi kama nilivyokufundisha, ukakibandika mgongoni mwa simu: SAUTI ZA BABA NEEMA. Hadi hapo nilikuwa najisifu. Nilisema moyoni, kijana huyu sasa ni fundi.

Kisha simu zikawa sita mezani, zote zimelala chali, tepi zao chini, na sikio lako lilikuwa kwa rafiki zako waliokuja kukupigia soga za Bujumbura. Vidole vyako vikafanya kile vinachofanya kila siku: kitufe cha sauti, kitufe cha kuwashia, subiri, formata, yaani futa kila kitu. Niliona kioo kikiwaka na kusema karibu, chagua lugha yako. Simu mpya kabisa, haimjui mtu. Ukaigeuza, ukaona tepi. Ulishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuhurumia wallahi, nilitaka kutoka nikae nawe.

Lakini kabla sijatoka ulifanya jambo la pili. Uliifungua ile simu, ukachomoa waya mwembamba unaowasha kioo, ukaifunga tena. Mama Neema aliporudi ukabonyeza mbele ya macho yake, kioo kikabaki cheusi. "Pole sana mama. Karte-mere imeungua." Yaani moyo wa simu umeungua. Ulilitamka kwa Kifaransa vizuri, na mama wa watu, ambaye shule yake yote aliisoma kwa Kiswahili kambini Tanzania, akaitikia kama vile amesemeshwa na daktari.

"Sasa Issa mwanangu," akasema, "si unakwenda Bujumbura wiki ijayo? Huko mafundi wakubwa wapo. Nakuomba unipelekee. Labda watanitolea hata sauti moja."

Na wewe ukasema: "Sawa mama."

Hilo "sawa mama" ndilo limenikalisha na kalamu. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi atakuja pale magari yanapopakia, simu yake aliyoondoka nayo ameifunga kwenye kitambaa, akukabidhi. Mama yako kaniambia Mama Neema anakukaangia na maandazi ya njiani. Wewe unajua na mimi najua kwamba hakuna fundi Bujumbura wala ng'ambo atakayetoa kitu kwenye simu ile. Atasubiri. Ataazima simu ya jirani akupigie. Utamwambia wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha utaacha kupokea namba usiyoijua.

Sikuandikii ili nikuchape kwa maneno. Nilichofanya mimi kilikuwa kibaya kuliko hicho, na hujawahi kukisikia kwangu.

Ulikuwa darasa la sita wakati ule watu walipokuwa wakiniita Meteo, yaani hali ya hewa kwa Kifaransa. Labda unakumbuka jina, sababu yake ulikuwa hujali. Lilianza kwa mchezo tu. Mimi tangu utoto ugonjwa wangu ni redio. Wenzangu wakienda kuogelea mimi nilikuwa natembea na nyaya mfukoni. Babu yako, muuza samaki, alikuwa akiniambia, "Redio haziliwi," na alikuwa na haki, zimetulisha lakini kwa taabu. Ile spika ya juu ya paa niliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye matumbo ya redio tatu, jioni baada ya kazi, kwa starehe yangu. Sikuwa na kazi nayo kabisa. Nilitaka tu kuona itafika wapi. Ikafika mpaka sokoni.

Kwanza nikatangaza mbuzi aliyepotea. Halafu mazishi. Halafu nikapata simu yangu ya kwanza ya kugusa, yenye mambo ya hali ya hewa, ile inayokuonyesha kijua na kiwingu kwa kila saa ya siku, na hapo ndipo nilipopotea.

Unajua duka letu lilivyokaa, linatazama ziwa, na chini yake akina mama wanaanika ndagala, hao dagaa wetu. Wewe umekua na harufu ile mpaka huisikii tena. Ndagala ikipata jua siku mbili inauzwa mpaka milimani. Ikinyeshewa saa moja, hata bata hataki. Basi kila asubuhi nikawa nashika mikro ya kusemea: "Amahoro, mama zangu! Leo mvua haiko mpaka saa kumi." Nao kutoka chini wakanishukuru: "Murakoze, Meteo!" Siku nyingi nilikuwa sawa. Nikaanza kuweka muziki kidogo kabla ya kusema. Nikaanza kunyamaza katikati ya sentensi ili wasubiri. Mama yako alikuwa akinikejeli, "Bwana Meteo, nguo zangu nianike au nisubiri amri?" Nilikuwa nacheka naye, lakini Issa, ndani yangu nilikuwa nimekwishaanza kuamini kwamba mvua inanisikiliza mimi.

Kukawa na harusi. Akina mama wote walitaka kwenda. Desturi yao ni kwamba samaki hawaachwi peke yao. Kila siku yuko mmoja wa zamu anayebaki na maturubai, mawingu yakija anafunika na kuita wenzake. Zamu ya siku ile ilikuwa ya Bi Tabu. Huyu alikuwa mtu mzima kuliko wote pale, mwembamba, mkali wa ulimi, ameanika ndagala tangu mimi sijazaliwa. Wenzake walimwonea huruma, wakaniita kutoka chini:

"Meteo! Mvua iko leo ama haiko? Tumuchukue bibi twende naye?"

Nikatazama simu. Kijua, kijua, kijua, mpaka magharibi. Nikasema haiko.

Bi Tabu akasimama katikati ya samaki, akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya ziwa. "Milima ya Kongo imepotea. Asubuhi ilikuwepo. Mimi sitoki hapa."

Ningeweza kushuka, nisimame naye, nitazame anakoonyesha. Ni hatua arobaini tu. Lakini nilikuwa na mikro mkononi. Nikasema kwa spika, mji mzima ukisikia: "Bi Tabu, wewe unatazama mawingu kutoka chini. Simu hii inayatazama kutoka juu. Nani anaona vizuri?"

Watu walicheka mpaka sokoni. Wenzake wakamshika mikono, huyu huku, huyu kule: "Tuende bibi, Meteo amesema." Akaenda. Hakugeuka kunitazama.

Saa nane mchana nilitoka nje kumwaga maji machafu, nikaliona wingu. Si wingu la kubahatisha. Lilikuwa limeshuka mpaka juu ya maji, jeusi, na upepo umeanza kuinua mchanga. Nikatazama simu. Kijua. Sasa hapa nakuomba usome polepole. Nilijua. Harusi ilikuwa mtaa wa pili, spika ilikuwa inafika huko na kupita. Maneno machache tu: mama zangu, nimekosea, kimbieni. Wangekuja na viatu mikononi, wangefunika nusu na zaidi. Unajua nilifanya nini? Nilizima simu nikaiwasha tena. Nikapanda kwenye kiti kutafuta mtandao. Nikakifuta kioo kwa shati. Nilikuwa nasubiri simu ikubali kwanza, ili nisiwe mimi niliyekosea mbele ya Bi Tabu. Nilikaa hivyo kama robo saa, na mikro ilikuwa mezani mbele yangu, imechomekwa.

Mvua ilipopita, ndagala zilikuwa uji wa mchanga. Akina mama walifika mbio na nguo zao za harusi zimewagandia mwilini, wakasimama tu. Nikashuka nikasema, "Jamani, simu imenidanganya." Na wao wakanisamehe papo hapo. "Ah, masimu ya siku hizi!" Hakunisema hata mmoja. Lakini watu wakipata hasara hawalali mpaka wajue ni ya nani. Mmoja wao akauliza, "Zamu ilikuwa ya nani?"

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio haya. Bi Tabu alikuwa anakamua kanga yake, hakujibu. Wengine wakadakia: kweli, zamu ilikuwa yake, mlinzi gani anaacha samaki akaenda kucheza ngoma? Wale wale waliomshika mikono. Nami nikasimama pale, simu mfukoni, nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikitika. Mwezi haukwisha, wakaacha kumpa nafasi kwenye vichanja. Akahamia Kizuka kwa mwanawe, huko akawa anachambua chikichi za wenye mashamba.

Nikaacha kutangaza mvua. Watu walipouliza nikasema spika imeharibika. Uongo mwingine, ilikuwa nzima. Wakaniona mtu mnyenyekevu.

Sasa utaelewa lile jambo la robo saa. Umeme ukikatika tukiwa tunakula, wewe ndiye uliyekuwa unaanza: "Haya, kila mtu aseme, angepewa uwezo mmoja wa ajabu angechagua upi?" Mama yako siku zote alitaka kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, apike na alale. Wewe ulitaka kuingia ndani ya simu yoyote bila namba ya siri. Na mimi nikasema kurudisha saa nyuma, robo saa, mara moja tu. Mlikuwa mnanicheka mpaka mnapaliwa. "Baba, si uombe miaka! Robo saa utafanyia nini?" Nikawa nasema ningewahi kuzima jiko. Ilikuwa ni robo saa ile, Issa. Sikuwa nataka nyingine.

Nimeufikiria sana mchezo ule wiki hii. Uwezo ulioutaka wewe umekwishaupata. Ulikuja kidogo kidogo, kwa bisibisi na kwa kukaa umeinama mpaka shingo ikuume. Watu wanakuwekea simu mezani na kuondoka, na mle ndani mna picha ambazo waume zao hawajaziona, mna ugomvi wa ndugu, mna marehemu wanaoongea. Hata mimi nisingempa mtu funguo za nyumba yangu hivyo nikaenda zangu sokoni. Na uwezo wangu mimi ulikuwa kusikika na mji mzima bila kusimama. Hakuna aliyekuja kutuambia, tazameni, huu ni uwezo, shikeni vizuri. Kwangu ilikuwa starehe ya jioni. Kwako ilikuwa kazi ya baba yako. Nadhani ndiyo maana hatukuogopa.

Sikwambii uache. Ningekwambia uache ningekuwa mnafiki, maana mikono inaniwasha mpaka leo nikiona redio iliyofunguka. Wewe nenda ukasome hizo kompyuta zenu, ujue mpaka kule ambako mimi sikufika. Nataka tu ujue kwamba utakosea tena. Tena na tena, na mara nyingine kwa watu wengi zaidi kuliko Mama Neema, kwa sababu huko unakokwenda kitufe kimoja kinagusa watu ambao hutawaona uso. Kukosea hakunisumbui sana. Simu ilisema kijua, nikasoma kijua, basi. Vidole vyako vilizoea njia moja, vikapita. Kinachonisumbua ni ule waya wa kioo. Waya ule uliuchomoa ukiwa macho, na mimi kile kiti nilikipanda nikiwa macho.

Kukuona ukiuchomoa kulinifunga mdomo. Kila neno nililotaka kukwambia lilikuwa linanirudia mwenyewe. Nikasema nianze na langu.

Jumamosi niliwaambia nakwenda Kizuka kutafuta mawese ya safari. Mawese nilinunua kweli, ndiyo hayo yanayotakiwa yawe wima. Lakini kwanza nilikwenda kwa Bi Tabu. Nilimkuta amekaa mbele ya rundo la chikichi, anazichambua bila kutazama mikono. Amezeeka. Ulimi ni ule ule.

"Karibu Meteo. Umekuja kunitangazia mvua?"

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, wingu, kiti, kuzima na kuwasha, mpaka lile swali la zamu nililolisikia nikanyamaza. Nikamaliza, nikangoja. Akaendelea kuchambua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, bibi?"

"Kwamba uliona. Duka lako linatazama ziwa, wewe si kipofu. Siku ile waliponiuliza nilinyamaza, nakungojea wewe. Nikasema, huyu mutoto wa watu ana haya, kama si leo atasema kesho." Akatupa kokwa kwenye beseni. "Sasa unakuja Kizuka kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua! Wasiojua ni wao."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi tutaongea, lakini beseni hizi zinahitaji mtu wa kuzifikisha kwenye mashine, na mjukuu wake hajarudi. Nikabeba, beseni saba. Mgongo unaniuma mpaka sasa na mama yako anadhani ni lile galoni la mawese.

Jana wewe ulikwenda kuaga rafiki zako. Ukarudi ukaniuliza, "Baba, watu wanasema umeongea kwenye spika, kwani imepona?" Nikakujibu ni mambo ya zamani. Ni haya. Nilipanda juu ya paa, nikaunganisha nyaya, nikafuta vumbi. Ikawaka mara ya kwanza, nilitamani isiwake. Nikasema: "Amahoro, mama zangu. Siku ile ya harusi niliiona mvua inakuja, nikanyamaza. Bi Tabu hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye zamu yake." Sikuweka muziki.

Unataka kujua ilikuwaje? Haikuwa kitu. Wawili watatu walicheka. Mmoja akauliza kutoka chini, "Harusi gani?" Wasichana wanaoanika siku hizi hata hawamjui Bi Tabu. Miaka yote hii nimekuwa nikiiogopa dakika moja, na ilipofika haikujaa hata dakika. Ni mama mmoja tu aliyepanda mpaka dukani, yule yule aliyeuliza zamu ilikuwa ya nani. Akasimama mlangoni, akataka nimwelekeze njia ya kwa Bi Tabu. Nikamwelekeza. Akaondoka bila kuniaga.

Bi Tabu hatarudi ufukweni, magoti yake hayawezi tena. Hilo nimechelewa na sitalirekebisha, nalisema ili usidhani nimekuandikia hadithi yenye mwisho mzuri.

Lako lina siku nne tu. Na siku hizo nne, mwanangu, nimekuwa mwenzako. Nilijua nikanyamaza. Nilijiambia nakungoja uje mwenyewe, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine nililiogopea jina la duka.

Kwa hiyo kesho nitakuwepo pale magari yanapopakia. Sitasema kabla yako. Ila gari likiondoka hujasema, nitamwambia mimi, palepale, na nakuandikia leo ili usije ukasema baba alinizunguka. Ningependa asikie kwako. Sauti zile alikukabidhi wewe.

Usiichukue ile simu, hata akikubembeleza. Usimwambie sauti "zimefutika", mwambie "nilizifuta mimi". Mwambie na ule waya. Atalia labda, watu watatazama, wale vijana wa kuita abiria watakuambia unazuia mlango. Anaweza kukutukana. Anaweza pia kukupa maandazi yake hivyo hivyo, na hapo utatamani angekutukana. Nitakuwa nimesimama kando yako. Lolote atakalosema anatuambia wawili, maana duka ni langu na nyuma ya pazia nilikuwa mimi.

Akinyamaza, mwulize Baba Neema alikuwa anasema nini katika zile sauti. Amezisikiliza kila siku tangu tumzike, lazima anazijua kwa moyo, na sasa hana pa kuzisikia ila mdomoni mwake mwenyewe. Kaa chini, hata juu ya begi lako, umsikilize moja baada ya nyingine mpaka amalize. Gari likijaa, liache liende. Magari ya Bujumbura yanapita mchana kutwa.

Baba yako